Udi wa Uarabuni, Fidla ya Ulaya, Sauti ya Fumba

Jumapili mbili zilizopita nilikwenda Temeke kumjulia hali ndugu yangu aliyekuwa akiugua homa. Anaishi katika nyumba ya wapangaji, ile ambayo vyumba vyake vyote hutokea kwenye ua mmoja, na jiko la huyu huwa hatua mbili tu kutoka kwenye ndoo ya yule. Nilipofika nilimkuta mgonjwa amepata nafuu, bali ua wenyewe ndio uliokuwa na homa. Wapangaji walikuwa wanagombana, na ugomvi wao ulikuwa wa muziki.

Kijana wa chumba cha mwisho, ambaye ni fundi wa simu, alikuwa amefungulia singeli kwa sauti iliyotikisa masufuria. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, alikuwa ameketi barazani na redio yake ndogo akisikiliza muziki wa dansi wa enzi zake, naye alikuwa amefura kwa hasira kwa sababu magitaa yake yamemezwa. Mama mwenye nyumba, mzaliwa wa Tanga, alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Yeye alitaka wote wawili wanyamaze, kwani kwake alasiri ya Jumapili ni ya taarab.

"Zima kelele hizo za kigeni," mzee alisema.

"Babu, hii imezaliwa hapa hapa Dar es Salaam," kijana alijibu. "Huo wako ndio uliotoka Kongo."

Mama akacheka. "Nyote mmekosa. Wenye muziki wa asili ni sisi watu wa pwani."

"Mama yangu, heshima yako," mzee akasema, "lakini taarab ni ya Waarabu, hata jina lake."

Hapo ndugu yangu, ambaye homa ilikuwa imempumzisha kazi lakini haikumpumzisha ulimi, akawaambia wenzake kwamba mgeni wao ni mwandishi wa gazeti, basi na aamue. Nikapewa kigoda na kikombe cha chai ya tangawizi. Chai niliinywa, hukumu sikuitoa. Niliwaomba wanipe wiki moja nipekue habari hizo vizuri, kisha nirudi kujibu. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

MEZA MOJA, WAPISHI WENGI

Tuanze na taarab ya mama, kwa kuwa ndiyo kongwe kuliko zote tatu. Ni kweli kwamba neno lenyewe ni la Kiarabu, na maana yake ni ile hali ya mtu kuguswa na muziki hata akajisahau. Inasimuliwa Unguja kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alipenda sana muziki wa Misri, akamtuma mtu aitwaye Mohamed Ibrahim aende Cairo kujifunza kupiga ganuni. Huyo aliporudi aliwafundisha wengine, na muziki ukawa burudani ya jumba la kifalme. Mwaka 1905 kikaundwa mjini Unguja chama cha Nadi Ikhwan Safaa, ambacho kingalipo mpaka leo. Nyimbo za siku hizo ziliimbwa kwa Kiarabu, mbele ya watu waliokijua Kiarabu au waliopenda waonekane wanakijua.

Lakini tazama, ndugu msomaji, kundi la taarab linapoketi jukwaani, kisha uulize kila chombo kwao ni wapi. Udi na ganuni vimetoka kwa Waarabu. Fidla, selo na akodiani vimetoka Ulaya. Dumbaki na rika vimetoka Mashariki ya Kati. Kulikuwa pia na kinanda kidogo chenye vibonyezo mfano wa taipureta, ambacho watu wa pwani walikiita taishokoto. Hicho kilibuniwa katika mji wa Nagoya, Japani, mwaka 1912, kikavuka bahari hadi kikaingia katika harusi za Waswahili. Huko Mombasa, Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijipatia sifa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani juu ya lahani za sinema za Kihindi. Nao wasikilizaji wake waliingojea beti kwa beti, kwa sababu maneno yalikuwa yao.

Basi mzee wa reli alisema kweli alipodai kwamba taarab imetoka Uarabuni, lakini alisema nusu tu ya kweli. Kwa hesabu hiyo hiyo imetoka Uhindini, Ulaya na Japani. Tukiamua kurudisha kila chombo kwa mwenyewe, jukwaa litabaki tupu, na mama atabaki na ungo wake wa mchele.

Swali basi ni hili: kitu kilichokusanywa kutoka pande zote za bahari kimekuwaje chetu?

MUUZA VYUNGU WA FUMBA

Jibu langu limo katika maisha ya mwanamke mmoja. Alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja, katika ukoo uliotokana na watumwa, na hata jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Kazi yake ilikuwa kuuza vyungu. Alivibeba kichwani akitembea navyo na kuvinadi, na watu wakaanza kuijua sauti yake kabla ya kuijua sura yake. Mwaka 1911 aliingia mjini. Huko alijifunza kuimba kwa mwanamuziki wa taarab na kufundishwa lafudhi ya Kiarabu, naye akajulikana kwa jina tunalomkumbukia leo, Siti binti Saad.

Siti hakuibuni taarab. Aliikuta imekwisha kufika, ikiwa imevaa joho na imekaa barazani kwa wakubwa. Alichofanya ni kuishika mkono na kuipeleka Ng'ambo, kule walikoishi makuli, wachuuzi, wafuaji na watumishi wa nyumba za watu. Aliiimba kwa Kiswahili. Alipoiimba kwa Kiswahili ilimbidi aimbe mambo ya watu wanaosema Kiswahili: kodi za nyumba, dhuluma, mapenzi yaliyokwenda upande, hukumu za mahakama.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri kwa bahari hadi Bombay, Uhindini, wakarekodi kwa kampuni ya Kiingereza ya His Master's Voice, ile ambayo alama yake ni mbwa anayesikiliza santuri. Hebu fikiri, msomaji. Mwanamke wa Fumba anaimba kwa Kiswahili, mbele yake udi wa Uarabuni, kando yake fidla ya Ulaya, katika mji wa Uhindini, kwa mashine ya Waingereza. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichozaliwa Fumba isipokuwa yeye. Hata hivyo sahani zile zilipofika Afrika ya Mashariki, watu wa huku walijisikia wao wenyewe humo.

Mojawapo ya nyimbo zake mashuhuri huitwa Kijiti. Unahusu mkasa uliotokea kweli. Mwanamke mmoja alitoka Dar es Salaam kwenda Unguja kutembea. Usiku mmoja alichukuliwa kwenda kwenye starehe, na huko akanajisiwa na kuuawa na mtu aitwaye Kijiti. Muuaji alivuka bahari akakimbilia bara. Mkono wa sheria ukawaangukia wanawake waliokuwa wamefuatana na marehemu, nao ndio walioadhibiwa. Mahakama ya kikoloni ilifunga jalada. Siti alilifungua tena, akalisoma mbele ya watu wote kwa muziki, na miaka mingi imepita lakini jina la Kijiti halijasafishika.

Hapo ndipo ninapoiona siri yenyewe. Udi aliotumia Siti ni udi ule ule uliomliwaza Sultani. Nyuzi hazikuongezwa wala kupunguzwa. Kilichobadilika ni shauri lililowekwa juu ya nyuzi hizo, na mtu aliyesimama kulisema. Muziki wa kigeni ulikuwa wetu siku ulipokubali kusema kesi zetu kwa lugha yetu, na kusemwa na wale ambao mahali pengine hawakupewa nafasi ya kusema. Siti alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Mshairi mkubwa wa taifa hakuona haya kumwandikia kitabu muuza vyungu.

MAGITAA YALIYOVUKA BAHARI MARA MBILI

Tumgeukie sasa mzee wa reli na dansi lake. Kijana alimwambia kwamba muziki huo umetoka Kongo. Naye kijana alisema nusu.

Katika karne za biashara ya utumwa, watu wengi mno walichukuliwa kutoka nchi za Kongo na jirani zake wakapelekwa ng'ambo ya Atlantiki, na baadhi yao walifikia Kuba. Walinyang'anywa kila kitu isipokuwa vile vilivyomo kichwani na mwilini, yaani ngoma na namna ya kuzipiga. Huko Kuba ngoma hizo zilikutana na magitaa ya Wahispania, na kutokana nazo ukazaliwa muziki mpya. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ile ile yenye alama ya mbwa ilianza kuuza Afrika sahani za muziki wa Kuba zenye herufi za GV. Vijana wa Léopoldville, mji tuuitao leo Kinshasa, walipozisikia hawakuona kitu kigeni kabisa. Ni kama mtu aliyempokea mjukuu wa nduguye aliyepotea: sura haijui, lakini mwendo anautambua.

Waliushika muziki ule, wakautia Kilingala na magitaa yao, hata mwaka 1960, viongozi wa Kongo walipokwenda Brussels kudai uhuru, Joseph Kabasele na kundi lake la African Jazz walikuwa huko wakipiga Indépendance Cha Cha. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu wote.

Na sisi je? Kabla ya hapo wazee wetu wa pwani walikwisha kuzitazama bendi za tarumbeta za askari wa kikoloni, wakazigeuza kuwa ngoma ya beni, Marini na Arinoti wakishindana barabarani kwa mavazi na vishindo. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Mwaka 1948, Salum Abdallah wa Morogoro aliunda bendi akaiita Cuban Marimba. Litazame jina hilo kwa makini: Kuba na marimba ndani ya mfuko mmoja, na mfuko wenyewe upo Morogoro. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1970, wakapiga magitaa ya umeme na kuimba Kiswahili. Mlimani Park Orchestra, iliyoanza mwaka 1978, iliuita mtindo wake Sikinde, na hilo ni jina la ngoma ya Wazaramo.

Mwaka huo huo wa 1978 alifika Dar es Salaam kijana mzaliwa wa Kindu, Kongo, Ramadhani Mtoro Ongala, ambaye sote tulimwita Remmy. Alikuja kujiunga na Orchestra Makassy, baadaye akawa kiongozi wa Super Matimila. Aliuita muziki wake ubongo, kwa kuwa alitaka watu waufikirie hata wanapoucheza. Aliimba kwa Kiswahili juu ya kifo, umaskini na maradhi, na wafanyakazi wa mji huu walimpenda hata kituo cha basi cha Sinza kikaitwa kwa jina lake. Kuanzia mwaka 1988 alizipeleka nyimbo hizo Ulaya na kwingineko kwenye tamasha la WOMAD, bila kuzibadilisha lugha. Alipofariki Desemba 2010, hapakuwa na mtu Sinza aliyeuliza kama marehemu alikuwa mgeni.

Kwa hiyo yale magitaa ya mzee yamevuka bahari mara mbili, kwenda na kurudi, kabla ya kutua barazani Temeke. Naye mama wa Tanga asicheke sana. Taarab aliyokulia, ile ya Black Star na Lucky Star ya miaka ya 1960 na 1970, aliyoiimba marehemu Shakila Said, ilipigwa kwa magitaa ya umeme na ilikuwa na mwendo wa kuchezeka. Watu wa Tanga waliifungulia mlango dansi ikaingia katika taarab. Mama na mzee wamekuwa wakigombana juu ya uzio uliokwisha kuvunjwa Tanga zamani za ujana wao.

KUJIFUNZA SI KUJITUPA

Najua yuko msomaji ambaye sasa anajiuliza: ikiwa kila kitu ni mchanganyiko, je, turuhusu kila upepo uingie ndani? Watoto wetu wasijue ngoma hata moja ya babu zao, nasi tupige makofi tukisema huo ndio ulimwengu?

Swali hili si jipya. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wengi wetu tulikuwa tumefundishwa kuona fahari kujua dansi za Kizungu, na kuona haya kuzijua ngoma zetu. Maneno hayo hukumbukwa mara kwa mara. Linalosahauliwa ni kwamba katika hotuba hiyo hiyo alisema pia, tena kwa ukali, kwamba taifa linalokataa kujifunza lolote kutoka kwa mataifa mengine ni taifa la wapumbavu. Ila kujifunza kwa wengine hakumaanishi kuacha kilicho chako.

Mfano wa maneno hayo ninauona kwa marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliyefariki mwaka 2003. Huyu aliijua ilimba na zeze tangu nyumbani, na sauti yake ilikuwa imekomaa katika uimbaji wa Wagogo, ambamo sauti nyingi husukana kama ukili. Alipotoka na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, wakatengeneza pamoja sahani ya Assembly mnamo mwaka 2002, hakwenda kama ombaomba aliyekwenda kupewa muziki. Alikwenda na mzigo wake kichwani. Mgeni alimtolea vyombo vya umeme, naye akamtolea ilimba, wakawekeana mezani.

Ninachojifunza hapo ni kwamba anayechanganya vizuri huwa anakifahamu kwanza alicho nacho. Siti aliijua lugha yake kwa kina. Juma Bhalo alizijua sheria za ushairi. Mtu asiye na chake hana cha kuchanganya. Huyo hukopa tu, na mkopaji huishi kwa masharti ya mkopeshaji.

FIDLA NDANI YA SIMU

Nilirudi Temeke Jumapili iliyopita nikiwa na maelezo haya kwenye daftari. Waliniandalia tena kigoda na chai. Mzee alisikiliza habari za Kuba akitikisa kichwa polepole, na mama alipolisikia jina la Shakila aliweka ungo chini.

"Sasa na huyu?" mzee akauliza, akimwonyesha kijana kwa kidevu. "Makelele yake nayo utayatetea?"

Nilimwambia kwamba singeli imekulia katika vitongoji vya Dar es Salaam kama Manzese, na kwamba nyuma yake uko mchiriku, ule uliopigwa kwa ngoma na vinanda vidogo vya bei rahisi na vijana wasioweza kununua magitaa. Nikamwambia kwamba mapigo yake hupita 200 kwa dakika, na kwamba mwaka 2017 kampuni moja ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilikusanya kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam ikazisambaza duniani, hata Wazungu wakaanza kuitafuta. Mzee hakuvutiwa. Alisema Wazungu hawalali karibu na chumba cha kijana huyu.

Ndipo nikamwomba kijana jambo moja. Nilikuwa nimesoma kwamba watengenezaji wengi wa singeli huchukua vipande vya taarab za zamani, wakavikimbiza na kuvirudiarudia mpaka visitambulike. Nikamwuliza kama simu yake inaweza kupunguza mwendo wa wimbo. Akasema ni kazi ya dakika moja. Akabonyeza hapa na pale, akaiweka simu juu ya ndoo iliyogeuzwa ili isikike.

Zile kelele zikaanza kupoa. Ngoma zikatengana, moja hapa, nyingine pale. Kisha, chini kabisa, kama mtu anayeinuka kutoka usingizini, ikasikika fidla.

Mama alisimama. "Hiyo naijua," akasema. "Hiyo ilipigwa kwenye harusi ya dada yangu."

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kijana aliitazama simu yake kama mtu aliyegundua kwamba chumba anachopanga kina mlango wa pili. Alikuwa ameusikiliza wimbo ule labda mara mia, naye hakujua kuna harusi ya Tanga ndani yake. Mzee akamwambia airudie. Akairudia. Mzee akamwambia airudie tena, na mara hii akaizima redio yake mwenyewe.

Kisha yule mzee, ambaye maisha yake yote ya kazi alidai haki yake mwisho wa mwezi, akauliza swali ambalo mimi, pamoja na daftari langu, sikuwa nimelifikiria.

"Huyo mpiga fidla," akasema, "alilipwa?"

Kijana hakujua. Mama hakujua. Na mimi sikujua.

MFANYAKAZI NA UJIRA WAKE

Ndugu msomaji, ningependa ubaki na swali hilo la mzee wa reli, kwa sababu linatenganisha mambo mawili yanayofanana kwa mbali: kuchanganya na kupora.

Afrika ya Kusini aliishi mfanyakazi mmoja wa Kizulu, Solomon Linda, aliyekuwa akifunga bidhaa katika kampuni ya kutoa santuri mjini Johannesburg. Mwaka 1939 aliimba na kundi lake wimbo uitwao Mbube, akauza haki yake kwa shilingi kumi. Wimbo ule ulivuka bahari, ukavikwa maneno ya Kiingereza, ukapigwa na watu wa kila kabila, ukafika hata katika filamu mashuhuri ya katuni ya mwaka 1994. Ulichanganywa na kila kitu, na ulimpendeza kila mtu. Linda mwenyewe alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Ilichukua hadi mwaka 2006 ndipo watoto wake walipopata mapatano ya malipo baada ya kwenda mahakamani.

Hakuna aliyemkosea Linda kwa kuupenda wimbo wake wala kwa kuugeuza. Kosa lilikuwa kumsahau siku ya mshahara. Siti naye aliyachukua mengi ya wengine, lakini hakuwaacha wakiwa maskini zaidi kuliko alivyowakuta. Udi wa Cairo haukupungua kwa kuimbiwa Ng'ambo.

Nchini mwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999. Sheria ni jambo jema, lakini haiwezi kumtafuta mzee mpiga fidla ikiwa hata jina lake hatulijui. Majina hayo hayamo katika simu. Yamo katika vichwa vya akina mama wanaochagua mchele na wastaafu wanaoketi barazani, na kila mwaka tunawazika baadhi yao pamoja na majina waliyoyabeba.

Kwa hiyo hukumu yangu ya ua wa Temeke ni hii. Muziki wa mama ni wetu, wa mzee ni wetu, na wa kijana ni wetu, kwa kuwa wote watatu walipokea vya mbali wakavitia maneno ya hapa. Kijana asiambiwe azime; aambiwe apunguze sauti, hasa wagonjwa wanapokuwa wamelala. Na wazee wasikae kando wakilaumu. Wamweleze ile fidla ni ya nani, ilipigwa wapi, na nani aliyekuwa ameshika udi pembeni yake. Naye ayaandike majina hayo, kwa kuwa kalamu anayo na simu anayo. Kesho akitengeneza wimbo wake na kuuza, ajue mlango wa kuubisha kabla ya kula peke yake.

Nilipoaga, magharibi ilikuwa inaingia. Kijana alikuwa amekaa chini karibu na ungo wa mama, daftari langu la akiba mapajani, na mama alikuwa akimhesabia kwa vidole: mpiga ganuni, mpiga dumbaki, mpiga fidla. La huyu wa mwisho lilikuwa halijamjia bado. Aliahidi kumpigia simu dada yake Tanga kabla ya kulala.

Tukutane Jumapili ijayo, tukijaaliwa.